Mwalimu, mbona noti inapasuka?

Safu ya leo ni ya horni tupu. Barua zimelundikana mezani na sikuona haki kuzijibu moja moja kwa miezi mingi. Kwa msomaji mgeni: horni ni lile baragumu la shaba lililokunjwa mviringo, ambalo mpigaji hubonyeza valvu za kubadilishia noti kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiwa ndani ya mdomo wake mpana. Wengi huiita horni ya Kifaransa, ingawa nyingi zinazopigwa leo kwenye okestra zimetokana na kazi ya mafundi wa Kijerumani, na Jumuiya ya Kimataifa ya Horni ilipendekeza tangu 1971 iitwe horni basi. Mimi nimeipiga kwa miaka 26, mingi kati ya hiyo kwenye kiti cha pili, nikipiga sauti za chini za safu yetu.

*Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili wa masomo ya muziki. Nikishaingia kwenye wimbo napiga vizuri, lakini noti ya kwanza karibu kila mara inapasuka au inaangukia noti ya jirani. Nimebadilisha kipulizio, kile kipande kinachogusa midomo, mara tatu. Wenzangu wa tarumbeta hawana shida hii. Je, midomo yangu haifai kwa horni? — Wa Noti ya Kwanza*

Marahaba, mwanangu. Midomo yako ni mizima. Rudisha kile kipulizio cha mwanzo na uache kutafuta vingine, maana ugonjwa hauko hapo.

Horni ya F ukiikunjua ikawa bomba moja lililonyooka, inafika karibu mita 3.7. Tarumbeta ya kawaida haifiki hata mita moja na nusu. Kila bomba lina ngazi yake ya noti asilia, zile zinazotoka kwa midomo na pumzi peke yake bila kugusa valvu. Chini ya ngazi hiyo vipandio viko mbalimbali, na kadiri unavyopanda vinasogeleana. Sasa chukua oktava moja kama ilivyoandikwa kwenye karatasi, kutoka C ya nafasi ya tatu mpaka C iliyo juu yake. Mwenzako wa tarumbeta ana vipandio 5 hapo. Wewe unavyo 9. Yeye akilenga pembeni kidogo, noti yake bado itamvuta arudi. Wewe ukilenga pembeni kidogo, jirani anakupokea kwa mikono miwili.

Ndiyo maana horni ni ngumu kwa mtu anayeanza kupiga kwanza, halafu ndipo asikilize ametoa nini. Midomo haina macho. Ijikaze kiasi gani, pumzi iende kwa kasi gani, yote hayo yanaagizwa na sikio. Sikio lisipokuwa na noti tayari, midomo inabahatisha, na kwenye vipandio 9 vilivyobanana kubahatisha kunalipa mara chache sana. Arnold Jacobs, aliyepiga tuba katika okestra ya Chicago tangu 1944 hadi 1988 na kufundisha wapigaji wengi wa ala za shaba, aliyafupisha mafundisho yake kwa maneno mawili: wimbo na upepo. Mimi niliyapenda maneno hayo kwa miaka bila kuyatii. Upepo nilikuwa nao. Wimbo nilidhani utakuja wenyewe.

Fanya hivi kesho asubuhi, ukishapasha midomo moto. Kaa, weka horni mapajani. Chagua noti moja, tuseme E ya nafasi ya nne. Usiipige. Iimbe kwa sauti, hata kama ni oktava ya chini. Nyamaza, uiache iendelee kulia kichwani. Inua horni, kipulizio kikae mahali pake, ambapo kwa wengi wetu ni theluthi mbili mdomo wa juu na theluthi moja wa chini. Vuta pumzi kwa mapigo mawili, noti itoke kwenye pigo la tatu, ishike mapigo manne. Halafu, na hapa ndipo wanafunzi wangu wote huiba, shusha horni mpaka mapajani, shaba iondoke kabisa mdomoni, upumue kama mtu asiye na kazi. Ndipo urudie, kuanzia kuimba.

Piga noti 10 kwa mtindo huo. Iliyotoka safi tangu mwanzo wake, weka mkwaju kwa penseli. Iliyopasuka, weka sifuri. Na iliyopasuka usiirudie palepale ili kujifariji. Ukirudia haraka, ya pili itatoka vizuri kwa sababu ya kwanza imekwisha kukuonyesha njia, na utakuwa umefanya mazoezi ya kupiga noti ya pili. Shida yako ni ya kwanza. Jukwaani maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo na chumbani yaache yamwagike, uandike sifuri, ushushe horni, uanze upya. Daftari langu la mwaka niliouanza mtindo huu linaonyesha sita na saba kwa wiki nyingi mfululizo. Tisa zilianza kuonekana mwezi wa tano.

Kuna kosa jingine linalojificha hapohapo. Umevuta pumzi, imefika juu, unasita. Katika kusita huko koo linajifunga, hewa inabanwa nyuma ya ulimi, na noti ikitoka inatoka kwa kishindo na kuruka kipandio. Mtazame mtoto kwenye bembea: akifika juu hatulii hewani kufikiri kabla ya kurudi. Pumzi nayo igeuke vivyo hivyo, kuingia na kutoka kuwe mwendo mmoja. Ulimi kazi yake ni kuiachia tu, kama anayesema «to» kwa noti za chini na «ti» kwa za juu. Ulimi haupigi noti.

Niandikie baada ya miezi mitatu, na uambatanishe daftari lako la mikwaju na sifuri. Natamani sana kuliona.

*Mwalimu, binti yangu wa miaka 13 ameanza horni. Kila nikimtazama, mkono wa kulia umo ndani ya ala. Unashikilia tu, au una kazi? — Mama Mzazi*

Una kazi, mama, tena ya zamani kuliko valvu zenyewe. Valvu zilianza kujaribiwa Ujerumani miaka ya 1810. Kabla ya hapo mpigaji alikuwa na vile vipandio asilia tu, na mpiga horni Anton Joseph Hampel wa Dresden, katikati ya karne ya 18, ndiye anayetajwa kuipanga mbinu ya kuziba na kuachia mdomo wa horni kwa mkono ili kuzipata noti zilizo katikati. Mozart alipomwandikia rafiki yake Joseph Leutgeb konserto za horni, Leutgeb alizipiga hivyo, bila valvu hata moja.

Siku hizi mkono unalainisha rangi ya sauti na kunyoosha noti iliyopanda au kushuka kidogo. Mwambie vidole vishikamane kama anayetaka kuchota maji kwa kiganja, na mgongo wa vidole ndio uguse ukuta wa shaba. Mkono ukiingia ndani mno sauti inakuwa ya mtu aliyejifunika blanketi. Kuziba kabisa, kule kunakopandisha sauti nusu toni kwenye bomba la F na kuifanya itokee puani, kumsubirie mwaka mmoja au miwili.

*Salamu, Mwalimu. Nina miaka 34, ni horni ya kwanza. Wiki tatu zilizopita tulipiga Simfonia ya Tano ya Tchaikovsky. Mwendo wa pili, wapiga nyuzi wakanitangulia, nikaingia na solo, noti ya kwanza ikapasuka mbele ya ukumbi mzima. Tangu siku hiyo nikikaa kitini mikono inatetemeka na kinywa kinakauka. Mwenzangu amenipa vidonge vyake nijaribu. Nafikiria kuomba kiti cha chini au kuacha kabisa. — Niliyekosa*

Pole, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nimekaa nayo siku kadhaa kabla ya kushika kalamu.

Vidonge kwanza, kwa sababu hapo sitaki kuchelewa. Kama ni vile vinavyopunguza mbio za moyo, kama propranololi, wapigaji wengi wanavitumia na sitamhukumu yeyote. Lakini mrudishie mwenzako vyake leo. Dawa hizo ni hatari kwa mwenye pumu, na zinashusha msukumo wa damu. Nenda kwa daktari, akupime, umweleze kazi yako ilivyo. Akikuandikia, zijaribu kwanza siku usiyopiga jukwaani.

Sasa lile solo. Miaka 11 iliyopita horni wetu wa kwanza aliugua, nikaambiwa nihamie kiti chake kwa onyesho moja. Mwendo wa polepole ulikuwa na vipimo, yaani yale mafungu ya mapigo, zaidi ya 70 vya kimya kabla ya kuingia kwangu. Ukumbi ulikuwa na baridi. Niliiweka horni mapajani nikahesabu kwa vidole chini ya paja, kumi kumi, jinsi nilivyozoea kiti cha pili. Sikupitisha hata pumzi moja ya joto ndani ya bomba. Kipimo cha mwisho nikainua, shaba ikanigusa mdomoni baridi kama kijiko kilicholala nje, na nilichotoa hakikuwa noti iliyoandikwa. Kilikuwa kipandio cha chini yake, kimetoka wazi, kizuri kabisa, mahali ambapo hakikutakiwa.

Kwenye safu ya horni hakuna anayegeuza kichwa mwenzake akikosa. Macho yanabaki kwenye karatasi. Nakumbuka kiatu cha horni wa tatu kando yangu, kimetulia sakafuni, hakikusogea hata kidogo, na kutulia kule kulinishika mkono. Baada ya onyesho tulikuwa tukimwaga maji kwenye mabomba yetu, yeye akageuza horni yake taratibu, robo baada ya robo, mpaka tone la mwisho, akaifuta, akaniuliza kesho mazoezi yanaanza saa ngapi. Hakusema lingine. Namshukuru mpaka leo.

Wiki moja baadaye nilipata moyo wa kusikiliza kanda ya usiku ule. Noti iliyokosewa ilichukua chini ya sekunde moja. Lakini vipimo vinne vilivyofuata nilivipiga kwa woga, pumzi fupi, sauti imesinyaa, kila noti inaomba radhi, na hivyo vinne ndivyo vilivyouharibu wimbo. Msikilizaji angeisahau noti moja kama kilichofuata kingeimba. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Mimi niliteleza kwa sekunde moja, kisha nikajiangusha mwenyewe kwa vipimo vinne.

Kwa hiyo nakuomba ufanye mazoezi ya kitu ambacho labda hujawahi kukifanyia mazoezi, yaani kuendelea. Piga lile solo, na noti moja ikose kwa makusudi, ya kwanza au ya tano, kisha noti inayofuata ipige kwa pumzi kubwa kuliko kawaida, na wimbo uende mpaka mwisho wake. Fanya hivyo mpaka mwili uone kwamba baada ya kukosa kuna noti nyingine inayodai haki yake yote.

La pili, zoea moyo unaodunda. Panda na kushuka ngazi za nyumba mpaka uhisi moyo masikioni, kaa, inua horni, upige mwanzo wa solo. Mara moja tu kwa siku, bila kurudia. Baada ya wiki chache kule kudunda hakutakuwa kitu kigeni. Kinywa kikikauka ukiwa kitini, bana ncha ya ulimi kwa meno, kidogo tu, mate yatakuja. Wakati wa kimya kirefu pitisha pumzi ya joto ndani ya bomba bila kutoa sauti, kila baada ya vipimo kadhaa. Horni baridi sauti yake inashuka, na vipandio havipo tena pale ulipoviacha.

La tatu ni la Tchaikovsky mwenyewe. Wale wapiga nyuzi wa sauti za chini hawakutangulii bure. Vile vipimo vichache ndivyo vinavyokuandalia mahali pa kukaa. Wengi wetu tunavitumia kuogopa. Jaribu kuimba na besi moyoni tangu noti yao ya kwanza, uhisi inapotua, na mwishoni usianze kitu kipya bali uendeleze walichokwisha kuanza. Solo hilo limekuwa likiwatetemesha wapiga horni tangu 1888, na bado kila kizazi kinaketi pale na kulipiga.

Kuhusu kuhama kiti: usiamue sasa. Viti vya chini si hospitali ya walioshindwa. Horni wa pili na wa nne wana midomo iliyofundishwa kwa kazi nyingine, na nisingependa mtu aje kwetu kwa kukimbia. Ukija kwa sababu unazipenda noti za chini, karibu sana. Piga msimu huu mpaka uishe, halafu uniandikie.

*Mwalimu, horni yangu ni pacha, ina upande wa F na upande wa B-flati. Mwalimu mmoja anasema nihamie B-flati mapema, mwingine anasema F ndiyo sauti ya kweli. Nimfuate nani? — Njia Panda*

Fuata sikio, lakini desturi ya wengi ni kuhamia B-flati kuanzia G-shapu ya mstari wa pili kwenda juu. Bomba la B-flati ni fupi, karibu mita 2.75, hivyo vipandio vyake vimeachana kidogo na noti za juu zinashikika vizuri zaidi. Horni pacha ilitoka kwenye karakana ya Kruspe huko Erfurt, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19, na ilipokelewa haraka kwa sababu hiyo hasa. Mazoezi ya noti ndefu asubuhi bado ninayafanya upande wa F, kwa sababu unanilazimisha kulenga.

*Mwalimu, mume wangu ni horni ya nne. Hata siku ya mapumziko lazima apige. Anasema akiacha siku mbili midomo inasahau. Ni kweli, au anajitesa? Tena naona siku hizi redio anaifungua kwa sauti kubwa kuliko zamani. — Mke wa Mpigaji*

Shemeji yangu, la midomo ni kweli nusu. Ile ni misuli midogo inayofanya kazi ndani ya duara lenye upana wa milimita 17 hadi 18, na ukiiacha siku mbili inarudi ikiwa nzito. Lakini nzito si kusahau. Dakika 20 za noti laini siku ya mapumziko zinatosha. Akizidisha, akapiga kwa nguvu juu ya midomo iliyochoka, atakandamiza shaba mdomoni ili noti itoke, na huko ndiko wanakoumia watu. Mpigaji mwenye busara hupumzisha midomo muda uleule aliopiga.

Ila muelewe pia. Kiti cha nne ni cha kusubiri. Anaweza kukaa jioni nzima akishikilia noti za chini ambazo hakuna atakayemsifia, kisha ghafla kurasa zikamwangukia. Katika mwendo wa tatu wa Simfonia ya Tisa ya Beethoven, ya 1824, solo refu la horni amepewa horni wa nne. Mtu anayejua kwamba siku kama hiyo ipo hathubutu kuacha midomo yake ilale. Nimewahi kukaa jirani na horni wa nne usiku wa wimbo huo. Alipomaliza, sisi wengine tulisugua viatu sakafuni polepole, ndiyo makofi yetu ya siri wakati muziki unaendelea, na niliona sikio lake likiwa jekundu.

Kinachonitia wasiwasi katika barua yako ni redio. Safu ya horni mara nyingi huketi mbele ya ngoma au ubavuni mwa tromboni, na midomo ya horni zetu wenyewe inaelekea nyuma, kwa hiyo tunapokezana kelele. Kipimo ambacho wataalamu wengi hukitumia ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda salama unapungua nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Kwenye sehemu kubwa za simfonia tunavuka hapo bila kujua. Masikio yakishaharibika kwa kelele hayarudi, na nimekwisha kumweleza yule mwanafunzi hapo juu kwamba midomo inalitegemea sikio. Horni wa nne asiyesikia vizuri atajikuta anabahatisha zile noti alizozilinda miaka yote.

Mpeleke apimwe masikio kabla msimu haujaanza, na usikubali jibu la «nitakwenda». Andamana naye. Kisha atengenezewe vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti zote kwa usawa badala ya kuziba za juu tu, avizoee nyumbani kwanza kwenye zile dakika 20. Wiki ya kwanza atalalamika kwamba anajisikia yuko ndani ya mtungi, kwa sababu mtetemo wa midomo yake mwenyewe utakuwa mkubwa kichwani. Avumilie, unapungua. Na viwekwe ndani ya kasha la horni, kwenye mfuko uleule wa mafuta ya valvu. Mafuta hayo hawezi kuyasahau.